Nyufa Zilizoonekana Kwenye Video

Asubuhi ile Asembo Bay ziwa lilitulia kama maziwa kwenye sufuria, nami nikaota ndoto za mchana. Watafiti wa Ujerumani walikuwa kwenye video, wakikagua chuma nilichochomelea cha vizimba vya samaki. Kikipita, ningealikwa kwao.

Niliupaka mshono wa kuchomelea rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, nikaupangusa kwa kitambaa. Akilini tayari nilikuwa ndani ya ndege, juu ya mawingu, na kwa kitambaa kilekile nikajifuta jasho la paji taratibu. Kisha nikaupulizia mshono unga mweupe, ule unaoivuta rangi nje pakiwa na ufa. Upepo ulioibuka ghafla ziwani ukanirudishia mwingine usoni. Sikujali, nilikuwa nakaribia kutua.

Profesa wao akaisogelea kamera. “Naona nyufa nyingi sana.”

Niliruka. “Hapana, Profesa! Hakuna hata moja! Angalia vizuri!”

“Naangalia,” akasema, akiuma midomo.

Akinyi, fundi mwenzangu aliyenishikia simu, akanigeuzia kioo cha simu. Uso wangu ulikuwa mweupe pe, na kila kunyanzi la paji limechorwa jekundu.

“Yawa, Mzee! Chuma ni kizima. Kilichopasuka ni wewe!”