Bwana Harusi wa Perth

Amran Bilow akianza kuongea, hata jenereta ya jirani hunyamaza kusikiliza. Aliingia Juba kutoka Garissa na mume mmoja na lori moja la magodoro. Mume akafariki, magodoro yakazaa duka, na duka likazaa maneno. Duka lenyewe liko Thongpiny, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mfanyakazi wa shirika akija kupanga chumba hupita kwanza kwa Amran, ananunua godoro, ndoo na habari zote za mwenye nyumba wake. Atakuuliza dini yako, ukoo wako na sababu ya kutooa, na kabla hujajibu la kwanza ameshakutafutia mchumba.

Lakini habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mdogo wake wa mwisho, Shueb.

"Yuko Perth. Australia," alimwambia hata askari wa barabarani aliyetaka kuona leseni tu. "Anaendesha zile mashine za bandarini."

Shueb alikuwa ameondoka Nairobi akiwa kijana wa ndevu tatu. Kila Idi alituma picha, amesimama mbele ya jengo la vioo. Kwa Amran vioo vilitosha. Tangu lini maskini akasimama mbele ya vioo?

Ndipo akamposea mke. Alimchagua Barni, binti ya Mzee Abdiqafar wa duka la jumla la sukari, msichana wa maneno machache aliyekwisha kukataa wachumba wawili wa hapa hapa kwa kuwa hakutaka kuzeekea vumbini. Abdiqafar hakudai ushahidi.

"Amran," alisema, "ukisema kijana ni safi, mimi namtoa binti yangu."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasomali hawana haja ya polisi wa upelelezi. Ukitaka kumjua mtu wa mji wowote duniani, unampigia ndugu wa ukoo aliye kule, naye anakuletea ukweli kabla chai haijapoa. Abdiqafar hakumpigia mtu, kwa sababu kupiga kungekuwa kumtukana Amran. Amran naye hakupiga, kwa sababu nani humpeleleza mtoto aliyembeba mgongoni?

Wakakubaliana nikaha ifungwe kwa simu, kama wengi wafanyavyo siku hizi. Shueb aliomba iwe sauti peke yake, eti mtandao wa Perth ni dhaifu. Sheikh akakataa. Alitaka kumwona bwana harusi uso kwa uso.

"Mtandao ya Perth iko mbaya, ya Juba iko mzuri?" alicheka Annet, shoga wa Amran aliyetoka Lemon Gaba alfajiri kuja kusaidia kupika. Annet alikulia Uganda, na Kiswahili chake hakijawahi kuombana radhi na sarufi. "Kalas! Dunia imeisha."

Siku ilipofika, wanaume walijaa sebuleni na sheikh, wanawake wakajifungia chumba cha nyuma na Barni, pazia likaning'inia katikati. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Amran alitoka uani penye masufuria, akampigia Shueb mwenyewe kwanza. Alitaka tu kuhakikisha kofia imekaa sawa.

Kofia ilikuwa sawa. Shati jeupe, pasi ya kukata mkono. Lakini nyuma yake ukuta ulikuwa wa mianzi, na mwanga ulipenya kama kwenye kizimba. Jogoo akawika.

"Mama Amran," Annet alinong'ona, mwiko mkononi, "Australia iko na kuku ndani ya nyumba?"

Kabla hajajibiwa, mtoto mdogo alitokea mbio, akamkumbatia Shueb mguu. "Bapak!" Simu ikamponyoka. Kwenye kioo ikaonekana sakafu ya mbao yenye nafasi, na katikati ya zile nafasi maji yalikuwa yakicheza.

"Shueb, hayo ni maji?"

"Ni... ni bandari, abaayo."

"Bandari chini ya kitanda? Dada yako ni mjinga kiasi hicho? Toka nje. Nionyeshe."

Shueb akatoka, maana sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda madrasa. Amran akaona nyumba za mbao juu ya nguzo, kama wanawake waliopandisha nguo wavuke mto. Akaona dagaa wameanikwa juu ya chanja, msikiti wa bati usiozidi ghala lake la magodoro, na ngalawa zimelala ubavu. Wanawake walikaa chini wakifunga mwani kwenye kamba, na baharini chupa za soda zilielea mistari mistari kushikilia kamba nyingine. Gari, hakuna. Vioo, hakuna hata kimoja.

"Hapa ni wapi?"

"Tanjung Lamo. Indonesia. Mashine ya boti ilikufa tukiwa njiani. Wavuvi wa hapa wakatuvuta. Nimengoja karatasi za wakimbizi, hazikuja. Wao wakanipa kamba na kipande cha bahari. Picha za vioo nilizipigia mjini. Perth iko upande ule." Akanyoosha kidole.

"Unaiona?"

"Hapana."

"Na huyo mtoto ana mama?"

"Abaayo, kila mtoto ana mama."

Annet alisahau mchele.

"Sasa Barni ulitaka kumfanya nini?" Amran aliuliza.

"Ulikuwa umefurahi sana! Nikasema nikaha ya simu ni maneno tu. Atangoja viza, viza haitakuja, atachoka mwenyewe, ataomba talaka."

"Amran!" sheikh aliita kutoka sebuleni. "Simu!"

"Nitarudi ndani nitundike shuka, nikae mbele yake," Shueb alibembeleza. "Usiseme, dada yangu. Watakucheka Juba nzima."

Na wangecheka kweli. Amran alijua kila mdomo na namna ungecheka. Akatazama pazia ambalo nyuma yake Barni alikuwa amekaa na hina mbichi mikononi, tayari kuanza kungoja.

Akalipita. Mwanamke kuingia kati ya wanaume saa ya nikaha! Kofia zote ziligeuka. Akamwekea Abdiqafar simu mapajani.

"Neno langu lilikuwa bovu," alisema. "Tazama mwenyewe."

Abdiqafar aliiangalia bahari, mwani, na mtoto aliyekuwa akimpungia mkono.

"Hii ndiyo Perth?"

"Ni Indonesia. Ana mke. Sikujua, na nilipaswa kujua."

Mzee hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Ningempigia mtu mmoja tu," alisema taratibu. "Mmoja." Akainuka, akamwita binti yake.

Barni alitoka na dhahabu zake zote. Mbele ya Amran akasimama.

"Eddo," alisema, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "mimi ningemngoja. Unajua? Ningemngoja hadi nywele ziwe nyeupe."

Wakaenda. Sheikh akaenda. Wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kula, jambo ambalo Annet hakuwahi kuliona harusini maisha yake yote.

Simu ilibaki kwenye zulia, haijakatwa. Amran alipoiokota alimkuta mwanamke kijana, uso umepakwa poda ya mchele kujikinga na jua, vidole vimelowa maji ya chumvi. Alitabasamu mpaka ufizi.

"Assalamu alaikum, Kakak Amran!" alisema, kama kule wanavyomwita dada mkubwa.

"Waalaikum salaam," Amran alijibu, na hapo lugha yao ya pamoja ikaisha.

Mwanamke yule akamvuta Shueb karibu, akaanza kumnyoosha kola ya shati, kwa fahari, ili wifi aone anavyotunzwa. Amran akaitazama ile kola. Akalitazama lile tabasamu.

"Shueb. Huyu anajua leo ilikuwa nini?"

"Nilimwambia... tunasoma dua ya marehemu mama."

"Mungu wangu!" Annet alishika kichwa. "Hata maiti ameiweka ndani!"

"Mtafsirie," Amran alisema.

"Abaayo, nakuomba."

"Mwambie leo ulikuwa unaoa. Neno kwa neno. Mimi nitamtazama yeye usoni, na nitajua kama umedanganya."

Mwanamke alikuwa bado anatabasamu, akingoja kusikia wifi amesema nini. Shueb akafungua kinywa. Maneno ya lugha ya kule yalikuwa mafupi. Kwenye kola, vidole vikaacha kunyoosha.