Nyota ya Bwana Kaza

Msibani, kila aliyemshika mjane mkono alimpa neno lile lile. Kaza moyo, mama. Jikaze. Usilegee, kaza. Mmoja alimwambia ajikaze kwa ajili ya watoto, na alipokumbushwa kwa kiwiko kwamba marehemu hakuacha watoto, akaukaza uso wake mwenyewe na kwenda kuulizia maji ya kunywa.

Mama Turubai aliwaitikia wote, "Nashukuru." Moyoni alikuwa na jambo jingine, ambalo mtu halisemi akiwa amekalia mkeka wa msiba: kwamba ni kukaza huko huko kulikomleta hapo.

Marehemu alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kaza, maana hiyo ndiyo amri aliyoitoa mara nyingi kuliko salamu. Alikifunga kifuniko cha chupa ya pilipili hadi mkewe akaenda kuomba pilipili kwa jirani. Bomba la jikoni alilifunga hivi kwamba kulifungua ilikuwa kazi ya koleo. Akikupa mkono, ulikwenda pembeni kuhesabu vidole. Lakini nyumba alizozitia umeme hazikuungua hata moja, na watu walimsamehe vidole vyao.

Mkewe alitoka katika dunia ya vitu vinavyopepea. Tangu usichana alishona maturubai na mahema, na mabango yale ya kitambaa yanayotundikwa kuvuka barabara. Siku yake ya kwanza karakanani, fundi aliyemfundisha, mama mwenye mdomo kuliko cherehani, alimwekea bango jipya mezani akampa mkasi.

"Toboa."

"Nitoboe kitu kizima, bibi?"

"Kizima leo. Kitundike bila matundu, kesho utakikuta kimevaliwa na mti."

Akamwonyesha: mikato ya nusu duara, kimoja huku, kimoja kule, upepo upite na njia zake na bango libaki na maandishi yake. Mama Turubai alikata bango lile huku akiona uchungu kama anayechana gauni la harusi. Baadaye alizoea. Alikuja kujua kwamba kitambaa huchanika pale ambapo mtu amekinyima nafasi, na mara nyingi mtu huyo hulaumu uzi.

Bwana Kaza alimpata hapo hapo karakanani. Alikuja kushonewa kifuniko cha jenereta, akasisitiza kibane. Alishonewa kinachobana. Ila ndani ya pindo mshonaji alificha nafasi ya upana wa kidole, bila kumwambia, na kifuniko kile kikadumu kuliko jenereta yenyewe. Bwana Kaza alisimulia hadi mwisho wa uhai wake jinsi kilivyobana. Ndoa yao ilikwenda mwendo huo: yeye alikaza, mke akaacha nafasi kimyakimya mahali asipopaona.

Palikuwa na kitu kimoja tu ambacho mkono wa mke haukukifikia, nacho ni nyota.

Kila mwaka, sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia, Bwana Kaza aliipandisha nyota ya taa juu ya paa la zege la maduka ya njia panda. Ilikuwa ndefu kumshinda yeye na ngazi yake. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa na mdogo wake, mchomeleaji. Mgongoni ilivikwa bati ili mwanga urudi mbele. Na nyaya nene za chuma ziliivuta kila upande hadi kwenye kingo za paa. Ilipowashwa, hata watu waliokuwa wamenuniana walisimama pamoja kuitazama, kisha wakakumbuka na kununiana upya.

Tatizo ni kwamba njia panda ile ilikuwa kati ya majengo mawili marefu, na upepo wa msimu huo ulishuka katikati yake kama mtu anayedai mlango.

"Litoboe hilo bati," mke alimwambia kila mwaka.

"Umeona wapi nyota yenye matundu?"

"Basi legeza nyaya kidogo. Zinalia, husikii?"

"Zinaimba. Wewe shona, mama."

Aliyasema hayo akicheka, na mke alicheka pia. Ulikuwa utani wao. Huenda ndiyo sababu hawakuwahi kuusikiliza.

Mwaka huo upepo ulikuja mchana. Nyota ikatikisika, na Bwana Kaza akapanda na mdogo wake kwenda kuikaza zaidi. Waya mmoja ukakatika. Ncha yake ikampiga kifuani, ikamsukuma nyuma, na nyuma hapakuwa na paa tena.

Upepo umemuua, watu wakasema, na ikawa hivyo. Upepo hauna wakili. Lakini siku zile za msiba, Mama Turubai alipanda kukusanya vifaa vya mumewe, akaokota kipande cha waya ule. Haukuwa umeliwa na kutu wala kusuguliwa. Pale uliposhikwa na kikazio, kile chuma cha kuzungusha kinachouvuta waya, ulikuwa umekonda kama donge la unga lililovutwa na mikono miwili. Alijua alichokuwa anakitazama. Alikiona kwenye uzi tangu usichana. Akakitia kipande kile kwenye droo ya cherehani, kati ya vibobini vya uzi, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kwamba mume wangu alijikaza hadi kufa?

Mwaka ukazunguka. Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa njia panda akaitisha mkutano katika duka la kinyozi, kwa kuwa ndilo lenye viti vingi na vioo, na mwenyekiti alipenda kuhutubia mahali anapojiona. Alisema kwamba kwa heshima ya marehemu, nyota isipandishwe. Paa lisibaki tupu, hata hivyo. Yeye, kwa moyo mzito, alikuwa tayari kuweka hapo bango lenye picha yake akiwatakia wote heri.

"Picha ya ukubwa gani?" kinyozi akauliza.

"Ya kiasi."

"Kiasi cha paa?"

"Mzee, msiba si mzaha."

"Ndiyo maana nauliza, mwenyekiti. Tulishapata mmoja, sasa wa pili huu."

Watu wakainamisha nyuso kuficha vicheko. Ndipo Mama Turubai, aliyekuwa amekaa mlangoni na kanga yake begani, akasema, "Nyota nitaipandisha mimi."

Mwenyekiti akageuka kutoka kwenye kioo.

"Wewe, mama?" akasema mwenyekiti. "Peke yako?"

"Na shemeji yangu."

Mchomeleaji alikuwa ameegemea ukuta. Tangu kifo cha kaka yake alikuwa amepungua, shati likampwaya kama lililoazimwa. Aliitikia kwa kichwa, kisha akasema kwa sauti ya ukali ambayo hakuna aliyeitarajia: "Kama alivyoiacha. Sibadilishi hata nati."

"Na ikiangushwa na upepo?" mwenyekiti akauliza.

"Ikianguka, utundike sura yako," alisema Mama Turubai, "na mimi nitakushonea pindo."

Kazi ilianzia uani kwake. Nyota ililala kifudifudi juu ya matofali, imepinda mkono mmoja tangu siku ile waya ulipokatika. Mchomeleaji aliunyoosha mkono ule kwa moto na nyundo, akaunganisha kilichoachana. Mama Turubai alisubiri amalize, kisha akaanza kulifungua bati.

"Shemeji, tumekubaliana."

"Nimekusikia ukikubaliana. Mimi sikusema neno."

Mahali pa bati alitandaza wavu mweupe wa kivuli, ule wa kufunikia miche, akaushona ukingoni kwa uzi wa maturubai. Uliudaka mwanga na kuuachia upepo. Nyaya za umeme hakuzivuta kutoka taa hadi taa kama mumewe alivyofanya; kila kiungo alikiachia kitanzi kidogo chini yake, ili chuma kikicheza, kisizing'oe taa. Kila taa aliifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu za baiskeli. Mchomeleaji alitazama, mdomo umebanwa. Hakumsaidia wala hakuondoka.

Nati moja tu ilimshinda, ile kubwa ya katikati, mabomba yote yanapokutana. Bwana Kaza aliifunga kwa mkono wake. Mama Turubai alitaka kuifungua aweke mpira chini yake, ila spana iliteleza, akajaribu tena, akamwita mchomeleaji, naye akaja akaning'inia juu ya spana kwa uzito wake wote.

"Imekataa," akasema akihema.

Mama Turubai akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimekaa ndani muda mrefu, kikatoka na machozi. "Iache. Hiyo ni yake."

Walipandisha nyota asubuhi, wanaume wa maduka wakivuta kamba na mwenyekiti akivuta pumzi. Miguu ya nyota wakaizika katika viroba vya mchanga. Wanaume wakashuka. Juu ya paa wakabaki wawili, kufunga nyaya. Mchomeleaji akashika kikazio cha kwanza, akazungusha, akazungusha, hadi waya ukaanza kulia.

"Basi," akasema Mama Turubai. "Rudisha nyuma."

"Bado."

"Shemeji, rudisha. Unalia."

"Kaka angekaza." Akaongeza mzunguko.

Mama Turubai akatia mkono mfukoni. Alikuwa amekuja na kile kipande cha waya kutoka kwenye droo, na alikuwa ameyapanga maneno kwa mwaka mzima. Akamwekea mkononi. "Angalia hapo. Huu ndio ule uliokatika. Angalia ulivyokonda. Upepo haukati waya hivyo. Huu ulivutwa hadi..."

Akaishia hapo, kwa sababu aliona uso wa shemeji yake.

Mchomeleaji hakuwa akikitazama kipande. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Siku ile walikuwa wawili juu ya paa. Mtaa mzima ulijua, na Mama Turubai pia alijua. Bwana Kaza alikuwa kwenye ukingo, ameishika nyota kwa mikono miwili. Mtu aliyeshika nyota kwa mikono miwili hazungushi kikazio. Anatoa amri.

Mwaka mzima Mama Turubai alikuwa amelibeba neno hilo akidhani ni lake peke yake.

"Alisema kaza," akasema mchomeleaji. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza pesa. "Nikamwambia, kaka, imefika. Akasema kaza. Nikakaza. Shemeji, mimi ndiye..."

Chini barabarani pikipiki ilipita na kelele zake. Mama Turubai alizisubiri ziishe. Maneno yake ya mwaka mzima yalikuwa pale pale mdomoni, ya kweli yote. Angeweza kuyavuta hadi mwisho.

"Tangu nimjue," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kumkatalia. Hata mimi. Nilimdanganya tu kwenye pindo." Akamshika kiganja, akakifumba juu ya kile kipande. "Hukumuua, mdogo wangu. Ulimtii. Sote tulimtii."

Hakuwahi kumwita mdogo wangu. Mchomeleaji akaketi juu ya kiroba cha mchanga, akalia kwa sauti, na kinyozi aliyekuwa chini akawaambia watu waache kutazama juu kama kuku wanaosikiliza ndege.

Alipomaliza, akajifuta kwa mkono wa shati. Akakirudia kikazio. "Nirudishe kiasi gani?"

"Mpaka unyamaze."

Akazungusha kinyume, polepole, sikio likiwa karibu na waya. Sauti ikashuka, ikawa nzito, kisha ikapotea. Mama Turubai akafunga mpira wa tairi kati ya waya na nyota, mkunjo juu ya mkunjo, akausukuma kwa kiganja kuona unavyorudi. Wakaenda kwenye waya wa pili.

Upepo ulikuja jioni ya kuamkia sikukuu, taa zikiwa zimeshawaka na njia panda imejaa watu. Ulishuka kati ya majengo, ukabeba makaratasi na kofia ya mtu, ukaipiga nyota. Nyota ikainama. Umati ukapiga yowe na kurudi nyuma. Ikainuka, ikainama upande wa pili, wavu ukivuma, taa zote zikitetemeka kwenye mipira yake bila kuzimika hata moja.

"Inaanguka!" mwenyekiti akapaza sauti, na ni vigumu kusema kama alikuwa akionya au akiomba. "Kazeni! Mtu apande akaze!"

Watu wakamgeukia mchomeleaji. Alikuwa amesimama kando ya Mama Turubai, miguu imepanuka, mikono ndani ya makwapa kana kwamba ameifungia humo. Alikuwa akitetemeka kuliko nyota.

"Hapandi mtu," akasema.

Walisimama hapo wote wawili, shingo nyuma, upepo ukiwapiga usoni, wakiitazama ikienda na kurudi. Haikutulia hadi upepo ulipochoka wenyewe.

Asubuhi walipanda kuikagua. Mchomeleaji akazunguka na spana, akigusa nati moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimelegea kidogo, akazirudisha kidogo.

"Na ile ya katikati?" Mama Turubai akauliza kutoka kwenye ngazi.

Akaijaribu. "Haijasogea hata unywele."

"Najua," akasema, akapanda hadi kwake, akaweka kiganja juu ya chuma kile baridi na kukaa nacho kitambo. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa sindano na uzi, na kuanza kushona pale wavu ulipochanika.