Kipande cha Reli Uani

Nilianza na kikombe cha bati nilichokiona mnadani, rangi imebanduka. Ikafuata beji, halafu redio ya mbao isiyolia. Nilikuwa nimemaliza chuo hapo Chimwaga, sina kazi, na nimechoshwa na wenzangu wanaoweka picha za zamani mtandaoni na kuandika kwamba enzi zile za Ujamaa watu walipendana. Nani kawaambia? Nilitaka kuvishika vitu vyenyewe.

Kipande cha reli nilikipata kwa mzee anayenunua vyuma chakavu njia ya Bahi.

“Hii ndiyo ilikuwa kengele ya kijiji walichotuhamishia kwa nguvu,” alisema. “Ikilia, wote shamba la kijiji. Ukichelewa, umeandikwa.”

Niliitundika uani kwenye mwarobaini, nikaigonga kwa nondo mara moja, nisikie tu.

Bibi yangu, mama yake mama, tulikuwa tunaishi naye. Tangu mvua zilizopita alikuwa hasemi, wala hasimami mpaka ashikwe. Siku ile alinyanyuka mkekani peke yake, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupapasa nyuma ya mlango akitafuta jembe. Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

“Nimechelewa,” bibi alisema kwa Kigogo. “Wameshafika? Mtoeni mtoto ndani, wanaangusha paa!”

“Mtoto ni mimi!” Mama alikuwa analia na kucheka. “Jamani, ananikumbuka!”

Majirani walijaa. “Hebu mgongeeni na mume wangu,” mmoja alisema, “labda naye atatoka kitandani.” Wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama bibi. Kanga yake ilikuwa imelowa mkojo.

Kesho yake asubuhi mama aliniambia nigonge tena.

“Mama, anaogopa.”

“Si anaongea? Miezi yote hii nakaa naye kama nakaa na gunia. Jana kaniita, wewe unaniletea maneno yako ya chuoni.”

“Anakuita kwa sababu paa linaanguka.”

“Liache lianguke. Aniite.”

Aliichukua nondo akagonga mwenyewe. Bibi alifika mlangoni, akaanguka magoti, akawa anavuta kwa mikono miwili mtu ambaye hakuwepo. Mama alipiga magoti mbele yake na kuingiza mikono yake katika ile mikono. Bibi aliisukuma pembeni, akaendelea kuvuta.

Mama alipokwenda kanisani, niliishusha ile reli, nikaiburuta mpaka choo cha zamani nyuma ya nyumba, nikaitumbukiza shimoni.

Bibi hajasema neno tena. Jioni mama humlisha uji, humfuta kidevu, kisha humwinamia sikioni. “Mama. Ni mimi, mtoto.” Husubiri. Jana nilipita na ndoo ya maji akiwa bado anasubiri, akaniuliza bila kugeuka, “Sasa umeridhika?”

Niliitua ndoo. Bibi alikuwa ameshafumba macho.