Chuo Kimoja cha Mashairi

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na kikundi cha kusoma vitabu vya Kiswahili kwa barua pepe. Kiongozi wetu, bwana mmoja wa bara aliyefanya kazi hotelini Diani, alijipa mwenyewe cheo cha kutuchagulia. Kila alichokichagua alikuwa amekisoma shuleni, na hakuona haya kututumia na maswali ya mtihani.

Nilipochoka naye nilimwandikia kwa Kiswahili cha kwetu Msambweni, ambako bibi yangu alikiita kitabu chuo: “Napendekeza tusome chuo kimoja cha mashairi, kizuri sana.”

Alinijibu mbele ya kikundi kizima: “Hapa tunachagua vitabu. Mambo ya vyuo waulize watu waliosoma.”