Mawe Niliyoyaficha Nyuma ya Fotei

Leo nacheka, lakini siku ile ningeweza kuingia mwenyewe ndani ya lile shimo na kujifukia, maana aliyelichimba ni mimi na sina hata mtu wa kumsingizia.

Mi ni fundi wa pampu kule mgodini Mashamba, na nyumbani kwetu Manika, hapa Kolwezi, nina aquarium ya maji ya chumvi, yenye matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya machungwa (mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia, nami nikaipenda kuliko mpira). Sasa matumbawe yanajenga mwili wake kwa chokaa, kwa hiyo nikajiundia chombo cha kuyalisha: bomba nene la plastiki lililojaa mawe meupe yaliyopondwa, chupa ya gesi inayopuliza ndani ili mawe yayeyuke polepole, na kapampu kanakorudisha maji hayo kwenye aquarium tone kwa tone. Kinabubujika mchana kutwa. Shida ikawa moja tu, kikae wapi.

Jumamosi ile familia ya mchumba wa binti yetu Mervei ilikuwa inakuja kwetu kwa mara ya kwanza, na mtoto alikuwa halali kwa wasiwasi, anapiga pasi mapazia yaleyale mara tatu. Mke wangu, mama Odia, akaninyoshea kidole.

"Bakwe bakikuta hii kintu ya matiyo mu salon, batasema unapikaka pombe ya lutuku. Tosha, peleka kwingine!"

Chumbani alikataa kwa sababu ya kelele, jikoni kuna moshi wa makaa, nje jua lingeua kila kitu. Basi akili yangu ya ufundi ikanidanganya: nikavunja sakafu ya saluni nyuma ya fotei kubwa, kile kiti cha wageni wa heshima, nikachimba shimo la kufika magotini, nikakitumbukiza chombo humo na kufunika kwa ubao na turubai. Udongo nikautia kwenye magunia, nikayapanga nje ukutani, safi kabisa. (Najua, najua, mnaoijua Kolwezi mmeshashika vichwa. Huku kwetu kuna watu waliochimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe, na magunia ya udongo ukutani ni sawa na kuweka bango.)

Asubuhi ya Jumamosi wachimbaji wawili wakapiga hodi langoni, na koleo begani.

"Tata, tumesikia uko na shimo. Unatafuta équipe ya kuchimba?"

Nikawafukuza huku nacheka, wala sikujiuliza wamesikia wapi. Ndiyo akili yangu hiyo.

Wageni wakafika saa nane, wamependeza, na baba wa kijana, tata Ilunga, nikamkalisha wapi? Kwenye fotei! Sikuwa nimeambiwa kwamba mzee huyo alihama mtaa wa Kasulo baada ya jirani kuchimba mpaka chini ya chumba chake, siku moja kabati likazama sakafuni na nguo zote. Tukasali, tukamimina vinywaji, msemaji wao akaanza maneno matamu kuhusu ua zuri waliloliona katika lupango letu, yaani uani kwetu, na hapo hapo nikaona tata Ilunga anainua mguu mmoja, halafu wa pili, maana sakafu ilikuwa inabubujika.

"Tata," akasema taratibu, "chini ya hii kiti kuko nani?"

"Hakuna mutu, tata. Ni frigo ya vinywaji."

"Frigo mu udongo?"

Akainuka, akasogeza fotei, akaona turubai. Sijawahi kuona mtu mzima akitoka mlangoni kwa kasi ile, kamshika mkewe mkono, chupa ya bia bado mkononi, anapiga kelele, "Mutoke! Mutoke bote! Nyumba inaenda chini!" Bakwe wote wakamfuata, majirani wakajaa, na wale wachimbaji wawili wakarudi mbio wakidai wao ndio walikuwa wa kwanza kuomba kazi. Mervei alikuwa amesimama katikati ya ua na kitenge chake kipya, machozi yanamshuka, na hapo niliona aibu ya kweli, maana ndoa ya mwanangu ilikuwa inatoka langoni kwa sababu ya mawe yangu.

Aliyeniokoa ni yule yule mama Odia. Aliingia, akavuta turubai, akaita, "Mukuye muone kobalti ya bwana yangu!"

Tata Ilunga akachungulia kutoka mlangoni, akasogea hatua moja, nyingine, mwisho akapiga magoti kando ya shimo. Nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha matumbawe.

"Kumbe hii bintu inakulaka mawe?"

"Inakulaka, tata. Pole pole."

Akayatazama mawe, akanitazama mimi. Kisha kicheko kikamtoka mpaka kofia ikaanguka.

"Kolwezi muzima bantu banatosha mawe chini, na weye unarudisha! Ah, tata, hii familia siwezi kuiacha. Lakini fukia kwanza. Mi sizungumuzi mambo ya ndoa karibu na shimo."

Basi nikafukia, ndani ya suti, kwa koleo la wale wachimbaji, bakwe wakinishangilia kila gunia linapomwagwa kama wako uwanjani, na maneno yakaendelea mpaka bukari, ugali wetu, ikaiva na posa ikapokelewa. Chombo sasa kinakaa kando ya televisheni, mbele ya macho ya kila mtu, na tata Ilunga akija anakisalimia kabla yangu.

Siku ile wageni walipoondoka, Mervei alinikumbatia kwa nguvu, nikadhani anataka kunishukuru.

"Papa," akaninong'oneza, "siku ya mariage ukae tu. Usitengeneze kitu."

Nimemwapia. Nitakaa, mikono juu ya magoti, hata bomba la kanisa likipasuka.