Mganga Yupi Aliyemchanja Shangazi

Shangazi yangu alisuka ukili wa mikeka pale Ngamiani, Tanga, tangu kabla sijazaliwa, mpaka serikali ilipomchanja. Tuelewane: sina ugomvi na chanjo. Ndui niliiona kwenye nyuso za majirani, na bega langu nililitoa bila kubembelezwa. Lakini bega la shangazi liliumuka, likatunga usaha hadi kiwikoni, na lilipopona mkono wa kulia ulikuwa umekauka, vidole vimejikunja. Ukili hausukwi kwa mkono mmoja.

Alitaka fidia. Neno hilo alilitoa yeye, si mimi msomi niliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nikamsindikiza ofisini nimevaa tai kwenye joto la Tanga ili Bwana Shauri ajue kwamba nami ni mtu.

Bwana Shauri, afisa wa wilaya wa enzi hizo za ukoloni, alikuwa kijana wa Kiingereza, mgeni, Kiswahili chake cha kuagizia chai. Alimtegemea karani.

"Eleza, mama," karani akasema.

"Mganga alinichanja, mkono ukafa. Nataka fidia."

Karani akatafsiri. Kwa Kiingereza chake, mama huyu alikuwa amekatwa kwa wembe na mganga wa hirizi, sasa anataka serikali imlipe! Bwana Shauri akacheka. Alisema mama aende akamdai mchawi wake.

Nikaruka. Nikaeleza kwamba kwetu wa tunguri ni mganga na wa hospitali ni mganga, na kote huko mtu huchanjwa. Huyu alikuwa mganga wao, mwenye sanduku lao la chanjo.

Kicheko kikakatika. Akaniuliza nimesoma wapi, kana kwamba jibu lingenyoosha vidole. Kisha akasema chanjo ni hisani, na hisani haina fidia. Mama angepewa blanketi, kwa huruma.

"Kasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Blanketi? Tanga hii?" Akamgeukia karani. "Mwambie bwana wako, siku ile nilipokataa, askari alinishika mkono, ikasemwa ni amri. Leo imekuwa hisani? Na ukitafsiri ovyo tena, nitakuchanja mimi!"

Karani akajifanya anatafuta kalamu. Nikatafsiri mwenyewe, pamoja na kitisho. Tukatolewa nje.

Shangazi alikufa bila kulipwa wala kuombwa radhi. Rafiki zangu mawakili hunikumbusha kwamba hapakuwa na sheria. Ilikuwepo. Ya kumshika mkono autoe ilikuwepo. Mkono ulipokufa ndipo sheria ikakosekana.