Banda la Ndama la Mama Mkwe

Mke wangu aliporudi kwao Nyansiongo, niliamua kumwomba msamaha kupitia kwa mamake. Nikampelekea mama banda la ndama, lile la kuunganishwa vipande kwa bolti. Fundi nilimkataa. Mtu mwenye digrii mbili ashindwe na bolti?

Nilipomaliza tu, mvua ikashuka. Mama mkwe akakimbilia ndani ya banda na ndama wake, nami nikafuata. Upepo ukabamiza mlango, na komeo la nje, nililolifunga kwa bolti legelege, likaanguka mahali pake. Maji yakapenya kwenye matundu ya paa niliyosahau kutia bolti. Bila kufikiri, nikavua shati kuyaziba.

Kwetu Wakisii, mkwe havui shati mbele ya mama mkwe. Mama akageukia ukuta, akaanza kuzungumza na ndama.

"Mwambie msomi afungue mlango."

"Mwambie mama haufunguki."

"Muulize, nyumba ya binti yangu ilimshinda hivi hivi?"

Nikausukuma mlango kwa bega.

Hatimaye mlango ukafunguliwa. Alikuwa mke wangu. Akalitazama tumbo langu, kisha mgongo wa mamake.

"Mama, toka. Njoo na ndama."

Wakatoka. Nikageuka kuchomoa shati paani, nikasikia komeo la nje likirudishwa.